Neno Lililomponyoka Fundi wa Jezi

Jumatano asubuhi nilikuwa jikoni nachambua mchele, miwani puani, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be, huko Madagaska, nilikozaliwa, kwa rafiki yangu wa shule ambaye siku hizi huniandikia mara moja kwa mwaka, Idi ikifika. Idi bado ilikuwa mbali. Aliandika hivi: "Baba amefariki jana adhuhuri. Tumemzika alasiri. Nakuambia wewe." Nilirudia kuyasoma yale maneno mawili ya mwisho mara tatu, nne, mpaka maji ya mchele yakachemka yakamwagika yakazima jiko. Mtu akifiwa huwaambia watu wote. Yeye kaniambia mimi, na nilijua kwa nini, na nilitamani nisingejua.

Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisikia nikilalamikia mitaro ya Mombasa na watangazaji wa redio wasioweza kumaliza sentensi moja ya Kiswahili. Leo nivumilieni. Aliyefariki hakuwa mtu wa kutangazwa redioni. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye vidole virefu na kikohozi cha vumbi la vitambaa. Sitamtaja kwa jina, wala binti yake. Mwenyewe aliishi zaidi ya nusu ya umri wake akilificha jina lake, na mimi si mtu wa kulitoa nje leo, maana siri zake niliwahi kuzitunza vibaya vya kutosha.

Kwa asili alikuwa Mngazija wa visiwa vya Komoro, lakini alizaliwa Mahajanga, bandari kubwa ya kaskazini-magharibi ya Madagaska, na baba yake pia alizaliwa huko huko. Nusu ya mji ule enzi hizo ungeweza kuipitia ukisalimiana Kikomoro mlango hadi mlango. Kisha yakaja machafuko, mwishoni mwa miaka ya sabini tukielekea, ambayo wazee wa huko hawapendi kuyasimulia na vitabu vya shule haviyasimulii kabisa. Wakomoro wengi waliuawa. Waliobaki wakapakiwa kurudishwa visiwani "kwao", na wengi wao ndiyo kwanza waliviona visiwa hivyo. Fundi hakupanda chombo cha kwenda Komoro. Mke wake alikuwa Msakalava, kabila la wenyeji wa pwani ile, kutoka Ambanoro, kijiji cha jirani na Hell-Ville, na mke ndiye aliyemtoa Mahajanga, akampeleka kwa ndugu zake pamoja na watoto na mkasi mmoja. Cherehani ilibaki. Alipofika kwetu Nosy Be aliazima cherehani ya mkono, akaweka meza kibarazani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema Kikomoro. Watu walimwita Fundi tu, na yeye aliitikia upesi, kana kwamba ametua mzigo.

Binti yake aliwekwa dawati moja na mimi, na hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwao na nisitoke tena. Nyumba ile ilikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa wengine. Kila Jumamosi alasiri, ikiwa shule ina mchezo wa jukwaani au timu ya wasichana inacheza mpira wa kikapu, familia nzima ilitoka. Si baba peke yake, si mama kwa zamu. Wote, mpaka mtoto wa mgongoni. Walibeba mkeka, chupa ya chai na sahani ya mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi ambavyo mama yao alivipika vikawa laini kama shavu la mtoto. Walitandika mkeka pembeni ya uwanja wa saruji, pale pale kila mara, na Fundi aliketi mbele akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kuoa. Wazazi wengine waliwacheka. Baba yangu mimi, Mungu amrehemu, hakuwahi kukanyaga uwanjani hata siku moja. Alisema wasichana kuruka ruka ni kupoteza sabuni. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa ule mkeka. Nikifunga, Fundi ndiye aliyesimama.

Mpira wenyewe hakuuelewa. Alishangilia faulo, alishangilia refa akipuliza kipenga, na siku moja alimshangilia mbwa aliyekatiza uwanjani, tukacheka mpaka tukafungwa kapu mbili. Lakini jezi alizielewa. Zilikuwa enzi za uhaba, kitambaa hakionekani dukani kwa miezi, na yeye aliomba mashuka makuukuu nyumba kwa nyumba, akayatia rangi kwenye pipa, akatushonea timu nzima. Namba alizikata kwa mkono, moja moja, na nane zake zote zilikuwa na tumbo. Nguo za jukwaani alizishona vilevile: majoho, vilemba, mikia ya wanyama. Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa akisema shule ina watoto wa kuigiza, ukumbi wa kuazima, na Fundi.

Sasa nieleze jambo la neno moja, kwa sababu kila kitu kiligeuka hapo. Sisi Waswahili tukisema "marahaba" tunaitikia shikamoo. Wakomoro wakisema "marahaba" wanashukuru, ndiyo asante yao. Wamalagasi nao wanalo, lakini kwao ni "arahaba", na maana yake ni hongera. Neno ni hilo hilo, limepita bandari zote hizi likibadilisha kazi, na kwa Mmalagasi halina ile "m" ya mbele. Herufi moja, mdomo ukifungwa kidogo tu kabla ya kusema. Fundi alikuwa amejifunza kuiacha. Ukimletea chai alisema "misaotra", asante ya Kimalagasi, safi kabisa. Tukishinda alisema "arahaba". Ila nilikuwa nikimwona kila mara anasita kabla ya kulisema, kama mtu anayevuka ubao mwembamba. Siku moja nilimuuliza kwa nini anashona akiwa na pini midomoni hata pale asipozihitaji. Akazitoa, akatazama njiani kwanza, akasema, "Mwanangu, mtu mwenye pini mdomoni hasemi haraka." Nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, kila kitu kilikuwa cha kuchekwa.

Mwaka wa tatu wa urafiki wetu shule ilialikwa Mahajanga kwenye siku za shule za kaskazini-magharibi: mchezo wa jukwaani siku ya kwanza, mpira wa kikapu siku ya pili. Wazazi wanaotaka kufuatana na watoto waliruhusiwa, kwa kuwa boti ya mizigo ilikuwa na nafasi. Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi minne. Mwalimu alitunyoosha ndimi tuseme Kimalagasi rasmi, si hiki chetu cha pwani, akisema watu wa huko watatucheka. Mchezo wenyewe, mnisamehe, ulihusu umoja wa taifa. Miaka hiyo kila mchezo ulihusu umoja wa taifa. Ndugu wawili wanagombania ng'ombe wa marehemu baba yao, na mwishoni bibi kizee anawapatanisha. Bibi kizee alikuwa binti wa Fundi, na nawaambia bila kutia chumvi, sijaona hadi leo, wala hapa Mombasa wala kwingine, msichana wa miaka kumi na sita akizeeka vile mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa mlinzi wa zizi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na fimbo. Sikuwa na neno hata moja.

Wiki ile kabla ya safari nyumba ya Fundi haikuwa na amani. Mke wake hakutaka aende. "Umesahau?" alimwambia mbele yetu, sauti chini. "Nishone majoho ya mwanangu halafu nisiyaone yakitembea?" akajibu Fundi. Mke akasema majoho atayaona hapa hapa yakirudi. Yeye akatikisa kichwa. Nafikiri sasa, kwa akili ya utu uzima, kwamba hakuwa anakwenda kuona majoho. Alifukuzwa katika mji ule akiambiwa si wake. Alitaka kukaa katika kiti cha ukumbi wake, mchana kweupe, mzazi kati ya wazazi, aone watu wa Mahajanga wakimpigia makofi mtoto wake. Hakutaka zaidi ya hapo. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo kama kwenda sokoni.

Kwenye boti, siku ya pili, pwani ilipoanza kuonekana, alituita mimi na binti yake pembeni penye magunia. Alikuwa amekwisha kuivua kofia yake na kuikunja mfukoni. Alizungumza Kimalagasi chetu cha Nosy Be, polepole. "Huko mtu akiwauliza, mimi ni Msakalava wa Ambanoro." Tukaitikia. "Akizidi kuuliza, hamnijui." Binti yake akasema, "Baba, nitasemaje sikujui na wewe ni baba yangu?" Fundi akamnyooshea ukosi wa gauni. "Utasema hivyo hivyo," akasema. "Mimi sitakasirika. Nimekwisha kukusamehe kabla hujasema." Kisha akatupa mokary moja moja, tukala, na suala likafungwa kama vile tumepangiwa nani atabeba masanduku. Nilipanga miaka mingi kuyaandika maneno yale na kila mara niliyaacha, kwa sababu yananitetea, na mimi sistahili kutetewa nayo.

Ukumbi ulijaa. Mchezo ulianza baada ya chakula cha mchana, joto la kukata pumzi, madirisha yote wazi na watoto wa mtaani wamening'inia humo. Fundi na mke wake walikuwa safu ya nne, kando. Nilimwona vizuri toka nilipokuwa nimesimama na fimbo yangu, kwa kuwa mlinzi wa zizi hana la kufanya ila kutazama watu. Binti alipofika kwenye maneno yake ya mwisho, pale bibi kizee anapovua kitambaa cha kichwa na kuwatandikia wale ndugu wawili waketi pamoja, hata watoto wa madirishani waliacha kusukumana. Nilimwona mwanamke mmoja wa safu ya mbele akifuta macho kwa kiganja. Mchezo ukaisha. Na kabla makofi hayajaanza, katika ule upenyo mdogo ambao watu hawajajua nani aanze, Fundi alisimama, mikono juu, uso umelowa machozi. Hakuwa na pini mdomoni siku ile. "Marahaba, mwana hangu!" akapiga kelele. "Marahaba! Marahaba!"

Hakusema hongera. Alisema asante. Alikuwa anamshukuru mtoto wake, kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo, katika mji alimolelewa nayo, na furaha ilimfanya asahau vyote alivyojifunza kwa miaka mitatu. Makofi hayakuja. Vichwa viligeuka. Kutoka nyuma mtu akatamka lile neno la dharau wanaloitwa Wakomoro huko, sitaliandika, na baadhi ya watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha ambacho mtu akikisikia mara moja hakisahau. Mwanamme mmoja wa kamati ya wenyeji, kalamu mfukoni, akapanda ngazi za jukwaa. Hakuwa mkali. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka utaratibu tu, "Yule ni mzazi wa nani?" Mwalimu wetu akatazama chini. Binti wa Fundi, kitambaa cha bibi kizee mkononi tena, alimtazama baba yake, kisha akamtazama yule mtu. "Tsy haiko izy," akasema. Simjui.

Hapo pangeweza kuishia, na labda ningekuwa na haki ya kusema alitii alichoambiwa. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza. Yule mtu wala hakunitazama. Mimi, mtoto wa ule mkeka, niliyekula kwake kuliko nilivyokula kwetu, nilisogea hatua moja mbele na fimbo yangu, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka dirishani, "Zaho koa tsy mahay azy." Mimi pia simjui. Katika mchezo mzima sikuwa na neno, na neno langu la pekee jukwaani Mahajanga likawa hilo. Sikumtii Fundi. Niliogopa, basi, niliogopa kicheko kile kisije kikanigeukia, kwa kuwa na mimi nina bibi aliyekuwa akisali kwa sauti na kuhesabu samaki kwa Kiswahili, na sura yangu mnaiona hapo juu ya safu. Fundi alishusha mikono. Alitoka safu ya nne akiwapita watu magotini mwao, na kwa kila goti alisema "azafady", samahani, kwa Kimalagasi kisicho na kasoro. Mke wake akainuka akamfuata. Ndipo watu wakakumbuka kupiga makofi.

Usiku huo Fundi hakulala tulipolala wazazi na watoto, katika madarasa ya shule moja. Mke wake alirudi jioni peke yake. Siku ya pili alasiri tulicheza mpira, na mke alikuja, akatandika mkeka pembeni ya uwanja wa watu, akaketi na mtoto na chupa ya chai. Tulipomuuliza, alisema tu, "Amenituma. Amesema watoto wasikose mtu." Tulishinda. Nilifunga kapu sita nikiwa na ile nane yenye tumbo mgongoni, na tuzo ilikuwa sahani ya bati iliyochorwa. Wenzangu walikwenda ufukweni kula mishikaki, ambayo kule huiita masikita, na mimi nilikwenda nao nikala, wala sitadanganya kwamba haikupita kooni. Ilipita. Jambo hilo pia huniudhi.

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta botini, ameketi juu ya furushi la majoho. Mkono wa shati lake ulikuwa umechanika begani na yeye, fundi wa mji mzima, hakuwa ameushona. Alikolala hakusema, siku hiyo wala baadaye. Wengine walidhani alitembea mpaka Belobaka, nje ya mji, akajificha kwa mtu aliyemjua zamani. Tulisimama mbele yake mimi na binti yake kama watu waliosahau njia. Akauliza, "Mlishinda?" Nikasema tulishinda. Akatabasamu. "Arahaba," akasema, bila ile "m", bila kusita hata kidogo, na akageuka kutazama maji. Ningependa angetupiga.

Tangu hapo mkeka haukutandikwa tena. Aliendelea kushona jezi mpaka tulipomaliza shule, na majoho vilevile, lakini aliyaleta mke wake. Ukimwalika Fundi mchezoni alisema macho yamechoka. Jumamosi alasiri ungemkuta kibarazani, kelele za uwanjani zinasikika mpaka pale, yeye anazungusha cherehani. Mama alikuja peke yake mwaka mmoja, kisha akaacha. Binti hakupanda jukwaani tena. Mwalimu alimbembeleza, akamwandikia mchezo mzima wa kwake, akakataa. Alijifunza kushona kwa baba yake, na wakakaa meza moja miaka yote hiyo, cherehani mbili, bega kwa bega, wakizungumza vifungo na pindo. Hakuna aliyemnunia mwenzake. Laiti wangenuniana, labda siku moja wangepatana.

Nimeishi nikisikia watu wakisema muda huponya. Nawauliza, umeponya nini? Mahajanga leo ni mji mzuri, watu wanatembea ufukweni jioni, na ukimuuliza kijana wa miaka ishirini habari za machafuko yale atakutazama kama umemuuliza habari za mwezini. Uwanja wetu wa saruji Hell-Ville umebaki na mlingoti mmoja na pete yenye kutu, bila wavu, bila ubao. Maigizo ya shule hayapo. Watoto wana simu, na vijana hodari wanakwenda Nosy Sakatia, kisiwa cha jirani, kubeba mitungi ya watalii wa kuzamia. Na huku kwetu Mombasa, tuliojaa majina ya kila bandari, ninasikia bado mtu akiulizwa ofisini, kwa sauti ile ile ya utaratibu, kwao ni wapi hasa. Ninasikia watoto wakiwaambia bibi zao wanyamaze ndani ya basi. Lugha haifi siku mzee anapozikwa. Hufa alasiri kweupe, mbele ya watu, mtoto anapoona haya, na hakuna anayeandika tarehe. Miaka nenda miaka rudi nimeandika hapa kutetea Kiswahili, mkinipongeza kwa barua, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua mtetezi wenu alianzia wapi.

Nilirudi Nosy Be mara moja tu, miaka ya tisini, tayari nimeolewa huku, nina watoto wawili. Nilikwenda kwa Fundi na nia moja, nimejikaza kisabuni tangu nimeshuka botini: nitamwomba radhi. Binti yake alikuwa ndani anapika. Fundi alinipokea kwa furaha iliyonitoa jasho, akawapima watoto wangu kwa macho, akawakatia suruali papo hapo kutoka kwenye masazo. Akaniuliza, "Bado unacheza?" Nikasema, Fundi, nimezaa, magoti hayataki. Akacheka, akanikumbusha yule mbwa aliyemshangilia. Alinisimulia mechi moja baada ya nyingine, akiziruka zile za Mahajanga kwa ustadi, kama mtu anayeruka dimbwi alilolizoea. Na mimi nikamtazama, mtulivu, mchangamfu, nikajiambia: huyu ameshaombwa radhi. Binti yake amekwisha kulimaliza, akanitaja na mimi humo ndani. Nikihisi mzigo umenishuka, nikala, nikaaga, nikaondoka. Nilifurahi njia nzima. Naona aibu kusema nilivyofurahi.

Jumatano ile, baada ya kuwasha jiko upya na kulizima tena, nilimpigia rafiki yangu. Hatukuwa tumesikilizana sauti miaka mingi. Tulizungumza Kimalagasi chetu, na kilipotushinda, Kifaransa. Nilimpa pole, akapokea. Akaniambia baba yake hakuugua sana, alilala adhuhuri hakuamka. Kisha akasema, "Nataka kukuuliza kitu. Siku ile ulipokuja na watoto, mkakaa kibarazani. Alikujibu nini?"

"Alinijibu nini kwa lipi?"

"Ulipomwomba radhi."

Nikamwambia, "Sikumwomba. Nilidhani ulishamwomba wewe, kwa ajili yetu wote wawili."

"Mimi?" akasema. "Mimi nilidhani wewe. Ulipoondoka alikuwa na furaha wiki nzima, anaimba imba. Nikajua umelimaliza. Nikasema alhamdulillahi, sasa sina haja ya kuligusa." Akaanza kulia, nami nikalia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amembebea mwenzake shukrani ya miaka yote hiyo kwa jambo ambalo halikufanyika.

Tulifundishwa chuoni kwamba maiti akioshwa, akasaliwa na kuzikwa na watu wachache, mji mzima umetoka lawamani. Hiyo ndiyo faradhi ya kifaya. Sisi wawili tuliichukua radhi ya mzee yule tukaitia humo, kila mmoja akiamini mwenzake ameibeba, na kumbe ilikuwa ya kila mtu kichwani pake, kama sala tano. Kama yupo mtu uliyewahi kumkana, na bado anapumua, usimsome usoni ukadhani amekwisha kupewa haki yake; watu wema huficha vizuri. Nenda mwenyewe, leo, ukaseme kwa kinywa chako. Sisi tulikuwa na zaidi ya miaka arobaini, barua, simu na boti ya kila wiki, na mzee wetu amekwenda kaburini bila kumsikia hata mmoja kati yetu akisema kwamba anamjua.